Gari la Dodoma: Lioshwe Lini, Lisafishwe kwa Kina Lini, na Lisiguswe Lini

Kwa mwenye haraka, jibu ni hili. Gari linaloishi Dodoma linatosha kufanyiwa usafi wa kina mara 2 kwa mwaka, Mei na Novemba. Kuosha kwa mkono ni kila baada ya wiki 2 wakati wa kiangazi. Kusuuza kwa maji tu, bila kitambaa wala mkono, ni kila wiki, na hata mara 2 kwa wiki kama unakaa Nkuhungu, Mkonze au mtaa mwingine ambao lami haijafika mlangoni kwako. Kupiga polishi ya mashine, ukiweza mwaka upite bila kuipiga, vizuri zaidi.

Wengi tunafanya kinyume chake. Pita kwenye maegesho yoyote mjini saa moja na nusu asubuhi uone madereva walivyo kazini: kitambaa kikavu mkononi, boneti linafutwa kwa duara, vumbi linaruka, gari linang'aa. Baada ya mwaka rangi imepauka na imejaa utando wa mikwaruzo, na lawama zote zinapewa vumbi. Vumbi likitulia juu ya rangi halina ubaya mkubwa. Ubaya unaanza linaposogezwa. Kwa hiyo suuza mara nyingi, gusa mara chache.

Kwa nini Dodoma ina masharti yake

Mkoa huu hupata mvua ya takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni ukame, na upepo unakuja na kila ulichokikuta njiani. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia hapa mwaka 2016, ujenzi umezidi kila upande, Mtumba, Iyumbu, Nzuguni, Ihumwa, na malori ya mchanga na kokoto yanapita usiku na mchana. Vumbi unalolikuta kwenye boneti si la shambani peke yake. Lina saruji pia, na saruji ikikutana na umande wa asubuhi inaganda.

Ndani ya vumbi kuna chembe za kwatzi, madini yaleyale yanayofanya mchanga uwe mchanga. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, chenye ngazi 10, kwatzi iko ngazi ya 7. Chuma cha kisu kiko kwenye 5.5 hivi. Sasa fikiria klia, ile rangi ya juu isiyo na rangi inayolinda gari lako: ni laini kuliko vyote hivyo, na unene wake kwa kawaida ni mikroni 40 hadi 50, pungufu ya unywele wa kichwani. Ukifuta vumbi kavu kwa kitambaa, hata kiwe kisafi kiasi gani, unapitisha msasa juu ya ngozi nyembamba namna hiyo.

Jua nalo lina sehemu yake. Mji uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,100, nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na kiangazi anga ni jeupe wiki hadi wiki. Klia ikishapungua kwa kusuguliwa, jua linamalizia: paa na boneti vinaanza kuwa na mabaka meupe kisha vinabanduka. Hapo hakuna polishi ya kurudisha; ni kupulizia rangi upya.

Jambo la tatu ni maji. Sehemu kubwa ya maji ya mji hutoka visima virefu vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora, na maji ya chini ya ardhi hubeba madini. Unayaona kwenye birika la chai. Kwenye gari yanaacha madoa meupe ya duara kila tone linapokaukia, na yakichomwa na jua siku kadhaa yanashika kwelikweli.

Kusuuza kwa kila wiki

Kazi hii ni ya dakika 10 na ndiyo inayookoa rangi kuliko nyingine zote. Fanya asubuhi mapema, jua likiwa chini na upepo haujaanza. Anza juu ya paa, ushuke. Maji yapite kwa wingi kwenye mikunjo: pembeni mwa kioo cha mbele, nyuma ya vioo vya pembeni, mishikio ya milango, ukingo wa buti. Usiguse chochote kwa mkono. Vumbi litabaki kidogo, kama unga uliopakwa, na hilo liache. Litaondoka siku ya kuosha.

Bomba likiwa halitoi maji, tumia bomba la mgongoni la kupulizia dawa, kama wanalotumia wakulima wa zabibu huko Hombolo na Mpunguzi. Nunua jipya kwa ajili ya gari peke yake, lisiwe limewahi kubeba kiuatilifu. Lita 16 zinatosha gari dogo kama IST au Vitz. Land Cruiser itataka mara mbili.

Baada ya kusuuza, usiliache gari likaukie juani. Liendeshe kidogo upepo upukute matone, au lipulizie hewa kama una kompresa. Kama huna namna zote mbili, lipeleke kivulini, madoa yatakuwa machache.

Kinyesi cha ndege hakisubiri ratiba. Kwenye joto hili kinaweza kula klia ndani ya siku moja. Lowesha kitambaa, kiweke juu ya kinyesi dakika 5 kilainike, kisha kinyanyue bila kusugua. Utomvu wa miti nao ni hivyohivyo, na ndiyo maana kivuli cha mti si lazima kiwe rafiki wa gari. Banda la mabati lina faida zaidi.

Kuosha kwa mkono, hatua kwa hatua

Kila baada ya wiki 2 kuanzia Mei hadi Novemba. Wakati wa mvua unaweza kusogeza hadi wiki 3, ila tope la chini lisikae. Ukitoka safari ya barabara ya vumbi, iwe Chemba, Bahi au ndani ya Kongwa, osha ukifika, usihesabu wiki.

1. Egesha kivulini, kisha gusa boneti kwa nyuma ya kiganja. Likiwa la moto, subiri. Sabuni ikikaukia kwenye bati la moto inaacha michirizi.

2. Anza na rimu na tairi, kwa brashi yake na ndoo yake. Unga wa breki una chembe za chuma, hautakiwi kukutana na kitambaa cha bodi.

3. Suuza bodi yote bila kugusa. Ukiwa na mashine ya presha, iweke mbali kidogo, karibu urefu wa mkono kutoka kwenye rangi, na usiielekeze moja kwa moja kwenye raba za milango wala mahali rangi imeshachubuka.

4. Pulizia povu la shampoo ya gari, uliache dakika 3 hadi 5 likiteremka na mchanga. Lisikauke. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na kwa mji wa vumbi ndiyo yenye maana kuliko zote, kwa sababu inatoa chembe kabla mkono wako haujafika.

5. Chukua ndoo 2, moja ya sabuni na moja ya maji matupu. Glovu ya maikrofaiba inachovywa kwenye sabuni, inapita kwenye bodi sehemu moja, inasuuzwa kwenye maji matupu, ndipo inarudi kwenye sabuni. Pitisha kwa mistari iliyonyooka, kutoka paa kwenda chini. Sehemu ya chini ya milango na bampa ya nyuma ziwe za mwisho. Sponji iache, inashika mchanga usoni mwake na kuuzungusha gari zima.

6. Suuza. Mwisho ondoa kichwa cha mpira wa maji na uache maji yateremke taratibu kama shuka. Yataondoka na matone mengi.

7. Kausha kwa taulo kubwa la maikrofaiba. Litandaze juu ya bati, livute kuelekea kwako, linyanyue. Usizungushe mkono.

Kitambaa kikianguka chini, hakirudi kwenye gari siku hiyo. Hata kama umekikung'uta. Hata kama ni cha mwisho.

Kwa kutumia bomba la mgongoni, kusuuza mwanzo na mwisho ni lita 32, ndoo 2 za lita 10 ni 20: jumla lita 52. Gari limeoshwa vizuri na tenki la nyumbani halijalia.

Sabuni ya unga waachie nguo. Inang'oa nta yote uliyoipaka, na kwenye maji yenye madini inaacha ukungu ambao utajaribu kuutoa kwa kusugua. Sabuni ya maji ya vyombo ni afadhali kidogo, lakini nayo inaondoa nta. Itumie siku ile tu unapotaka kuivua kabla ya kupaka mpya.

Ndani: vumbi lisiloonekana

Vumbi laini linaingia hata vioo vikiwa vimefungwa. Ukiwa nyuma ya lori kwenye barabara ya vumbi, bonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Ukishalipita na hewa ikisafika, rudisha hewa ya nje.

Vuta vumbi kila baada ya wiki 2. Anzia juu. Tumia brashi laini kutoa vumbi kwenye matundu ya AC na pembe za dashibodi huku mdomo wa mashine ukiwa karibu, kisha viti, kisha kapeti. Viti vya kitambaa vipigwe kwa kiganja kabla ya kuvuta, utashangaa kinachotoka. Visiloweshwe ovyo, kwa kuwa vumbi pamoja na maji ni tope, na tope likiingia kwenye sponji ya kiti linakaa humo likinuka. Dashibodi inatosha kitambaa chenye unyevu kidogo, kilichokamuliwa hadi kisidondoshe.

Naomba tuelewane kuhusu ile dawa ya kung'arisha dashibodi. Waosha magari wanaipenda, na wenye magari wengi hawaamini gari limeoshwa kama dashibodi haijang'aa kama samaki aliyetoka kwenye kikaango. Yale mafuta yanashika vumbi ndani ya saa chache, yanaakisi jua kwenye kioo cha mbele, na mchana wa Septemba ukielekea magharibi huoni barabara. Ukitaka kulinda plastiki na jua, tafuta dawa ya kukinga miale isiyo na mng'ao, na weka kizuia jua kwenye kioo ukiegesha.

Filta ya AC, ambayo kwenye Toyota nyingi iko nyuma ya droo ya dashibodi, wazalishaji wengi husema ibadilishwe kila kilomita 15,000 hadi 20,000. Kwa huku gawa kwa mbili. Kama umenunua gari lililotumika kutoka Japani na hujawahi kuifungua, ifungue leo.

Usafi wa kina wa Mei

Mvua zimekwisha, tope limekauka chini ya gari, na mbele kuna miezi 6 ya jua na upepo. Huu ndio usafi wa kulivika gari ngao. Tenga siku nzima.

Anza chini. Pulizia maji ndani ya matao ya matairi, nyuma ya bampa na kwenye chesisi hadi tope litoke lote. Tope lililoganda linatunza unyevu, na kutu inaanzia hapo. Baada ya kuosha bodi kama nilivyoeleza, pitisha vidole juu ya boneti ukiwa umevifunika kwa plastiki laini. Mifuko ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini kifungashio cha mkate kinafanya kazi hiyo vizuri. Ukisikia vijipele kama ngozi ya kuku, rangi imeshikwa na uchafu usiotoka kwa sabuni: saruji, lami, unga wa breki. Hapo tumia udongo maalumu wa kusafishia rangi. Paka maji mengi ya shampoo, telezesha udongo kwa wepesi bila kukandamiza, ukunje kila unapoona umechafuka. Ukianguka chini, tupa. Sehemu ambayo ni laini tayari usiipitishe udongo.

Madoa meupe ya maji yakibaki, changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, kiache juu ya doa dakika 1 au 2, kisha suuza kwa maji mengi. Fanya kivulini, bati likiwa baridi.

Sasa kinga. Nta ya kopo hudumu miezi 2 hadi 3 kwenye jua la namna hii. Kinga za kutengenezwa kiwandani, zile za kemikali zisizo nta (sealant), hufika miezi 4 hadi 6. Kwa Dodoma ningechagua hizo za kiwandani, si kwa kudumu tu, bali pia kwa sababu uso wake hauna unato na vumbi linatoka kwa maji peke yake. Paka safu nyembamba, sehemu kwa sehemu, futa kwa taulo safi. Kama gari limepigwa kinga ya seramiki, usidanganywe kuwa haioshwi. Inaoshwa kama nyingine, ila uchafu unatoka upesi.

Kujua kama kinga bado ipo hakuhitaji kalenda. Mwagia maji: yakijikusanya kuwa matone ya duara na kukimbia, bado ipo. Yakitandaa na kulala, imekwisha, paka tena. Mara nyingi utayaona yamelala paani na kwenye boneti kabla ya milangoni, basi paka huko tu.

Usafi wa kina wa Novemba

Huu lengo lake ni tofauti: kutoa vumbi la miezi 6 mahali ambapo mvua ikilikuta itazaa tatizo. Fungua boneti, toa majani na mchanga kwenye mfereji ulio chini ya kioo cha mbele. Matundu yake yakiziba, mvua ya Desemba itatafuta njia ya kuingia ndani kwenye kapeti. Ukiwa na dirisha la paa, matundu yake ya pembeni nayo yaangalie.

Raba za milango zifute kwa kitambaa chenye maji, kisha zipake silikoni kidogo. Grisi hapana, inakusanya mchanga. Wenye Noah na Voxy, reli ya mlango wa kusukuma ndiyo inayojaa kuliko sehemu yoyote. Itoe vumbi kwa brashi kavu na mashine ya kuvutia, kabla mlango haujaanza kugoma na kulazimisha mota. Waipa zilizokaa juani tangu Mei raba yake imekakamaa, badilisha. Na kiangazi chote usiziwashe juu ya kioo kikavu chenye vumbi: mwagia maji kwanza, kwa sababu kioo kikishachorwa nusu duara hakifutiki.

Chini ya boneti, vumbi lipulizwe kwa hewa, lisiloweshwe. Rejeta na kondensa ya AC vipulizwe kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa presha ndogo, mapezi yasilale. Filta ya hewa ya injini ikaguliwe kila kilomita 5,000. Kuosha injini kwa mashine ya presha sikushauri. Magari ya sasa yana koili, sensa na soketi ambazo maji yakiingia utalipa zaidi ya ulichookoa. Kama mafuta yamevuja na lazima kuoshwa, injini iwe baridi, altaneta na boksi la fyuzi vifunikwe, na maji yawe ya kumwagika, si ya kusukumwa.

Polishi ya mashine

Polishi inaondoa mikwaruzo kwa kupunguza klia hadi mkwaruzo uishe. Haijazi kitu. Kwa hiyo kila gari lina idadi yake ya polishi, na zikiisha zimeisha. Piga pale tu mikwaruzo inapoonekana wazi juani na inakukera, au ukitaka kuuza. Baadhi ya magari meupe hayana klia kabisa. Ukipiga polishi kitambaa kikageuka cheupe, hiyo ni rangi yenyewe inatoka. Simama, paka kinga, ridhika. Taa za mbele zilizokuwa njano ndizo pekee ninazoona zinastahili kupigwa mapema, maana ni usalama wa usiku, na zikishapigwa zipakwe kinga siku hiyohiyo.

Kifuniko cha gari nacho kina masharti. Ukilifunika gari lenye vumbi, upepo wa Agosti utalisugua usiku kucha bila kukuamsha. Funika gari safi tu, kwa kifuniko kisafi kinachobana, au usifunike.

Ukimpelekea mwoshaji

Si kila mtu ana nafasi ya kuosha mwenyewe, na vijana wa kuosha magari wanafanya kazi ngumu kwa malipo madogo. Tatizo ni kitambaa kimoja kinachohudumia magari 20 kwa siku. Nenda na glovu yako, taulo lako na chupa ya shampoo yako, umkabidhi kwa heshima: “Mdogo wangu, nisaidie kutumia hivi.” Mwambie asuuze kwa muda mrefu kabla ya kugusa, na umwongezee kidogo kwa muda huo, kwa sababu anahesabu magari. Mwambie asipake dizeli wala mafuta machafu kwenye tairi na chini ya gari. Vinang'arisha kwa nusu saa, vinakusanya vumbi wiki nzima, na vinalainisha raba na bushi zilizoko huko chini. Akitaka kupaka kitu kwenye tairi, dawa ya maji isiyo na mafuta inatosha, na iache ikauke kabla hujaondoka, la sivyo itarukia milangoni na kukamata vumbi kabla hujafika nyumbani.

Usiende Jumamosi saa nne. Nenda Jumanne asubuhi, foleni ikiwa fupi na maji ya ndoo bado yakiwa na rangi ya maji.